TNF nimeweka, lakini p65 haionekani kwenye kiini cha HeLa

seli_hai: Wakuu, natafuta p65, sehemu ya NF-κB (protini inayoingia kiinini kuwasha jeni), kwenye HeLa (seli za saratani zinazokuzwa maabara). Seli zimefunika kioo kama asilimia 60. Nimeweka TNF-alfa (protini ya kuiamsha NF-κB) 20 ng/ml kwa saa 2, nikafiksi (kuzigandisha seli zilivyo) kwa paraformaldehaidi 4% dakika 15, nikatoboa kwa dijitonini 40 µg/ml nisizichakaze seli, kisha kingamwili ya p65 (inayoishika ili ionekane) usiku kucha kwenye nyuzi 4. Saitoplazimu inang'aa, kiini cheusi tii. Kioo kisicho na TNF kiko vilevile. Niongeze dozi?

Darubini: Dozi iache, 20 inatosha na kubaki. Mkosaji ni dijitonini. Inashika kolesteroli, nayo imejaa kwenye utando wa nje wa seli. Kwenye bahasha ya kiini ni kidogo, kwa hiyo bahasha inabaki nzima. Kingamwili ya kilodaltoni 150 haipiti kwenye matundu yake, hata kama p65 imejaa ndani. Tumia Triton X-100 (sabuni inayotoboa hata bahasha ya kiini) 0.2% kwenye PBS (bafa ya chumvi), dakika 10, baada ya kufiksi. Kioo kimoja weka kingamwili ya lamini A/C (protini za ndani ya bahasha ya kiini): ukiona pete kuzunguka kiini, njia imefunguka. DAPI (rangi ya DNA) isikudanganye, ni molekuli ndogo, inaingia tu.

mama_fosfati: Na saa 2 umechelewa. Kimeng'enya IKK kinaitia fosfati IκBα (protini inayoizuia p65 nje ya kiini), proteasomu (mashine ya seli ya kuvunja protini) inaivunja IκBα, p65 inaachiwa na kuingia. Kilele kitafute karibu na dakika 30. Sasa p65 hiyohiyo inawasha jeni ya IκBα, na IκBα mpya inaifuata kiinini na kuitoa nje. Kufikia saa 2 kila seli ina lake: hii imesharudisha, jirani yake inaingiza mara ya pili. Piga dakika 0, 15, 30, 60 na 120, na vioo vyote uvifiksi kwa pamoja, TNF ndiyo ipishane kuanza. Kioo cha 0 kipe midia ileile, bila TNF.

seli_hai: Triton na dakika 30 vimejibu, viini vimewaka! Ila hata kioo cha 0 kina mwanga hafifu kiinini.

Darubini: Weka kioo chenye kingamwili ya pili (ile yenye rangi, inayoishika ya kwanza) peke yake. Mwanga ukibaki, ni uchafu wake: zuia kwa BSA (albumini ya ng'ombe) 5% saa nzima na uipunguze kingamwili hiyo. Ukitoweka, basi pima uwiano wa kiini kwa saitoplazimu, seli kwa seli, muda wa kupiga picha usibadilike. Seli zilizojiviringa ziruke. Kwa hadubini isiyo konfokali (isiyochagua tabaka moja jembamba), unene wao pekee unafanya kiini kionekane kimejaa.