Kusomea usaidizi wa tiba ya meno baada ya kidato cha sita

Swali (mhitimu wa kidato cha sita, Arua)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Nimefaulu biolojia na kemia, na ninapenda sana tiba ya meno, lakini gharama za shahada ya udaktari wa meno zinazidi uwezo wa familia yetu. Chuo kimoja kimenikubalia kusomea cheti cha msaidizi wa daktari wa meno, ilhali mjomba ananihimiza nitafute stashahada. Je, kazi hizi zinatofautianaje, na nichunguze nini kabla ya kulipa ada?

Jibu (ofisa wa afya ya meno, Masindi)

Marahaba, mwanangu. Msaidizi huandaa vifaa, huchanganya dawa ya kuziba jino, hushika mpira wa kunyonya mate na kuandika katika kadi namba ya kila jino analotajiwa. Hang'oi jino wala hachomi sindano ya ganzi. Ofisa wa afya ya meno, ambaye husomea stashahada, hung'oa, huziba, na huenda shuleni na vijijini kufundisha, na ndiye wagonjwa wengi wanayemkuta katika vituo vya afya vya ngazi ya nne hapa Uganda.

Huko ndiko tunakoletewa watoto wachanga waliochokolewa fizi kwa sababu ya imani ya ebinyo, kwamba homa na kuhara husababishwa na meno mabaya yaliyojificha, ilhali kinachotolewa ni chipukizi la jino halisi, na kifaa kichafu kinaweza kumletea mtoto maambukizi ya kumuua. Kuzungumza na mama huyo bila kumwaibisha ni sehemu ya taaluma yetu, tena sehemu ninayoithamini kuliko koleo. Kwa hiyo, ukiwa na alama za kutosha, mimi ningekushauri stashahada.

Kabla ya kulipa, nenda mwenyewe katika baraza linalosajili wataalamu wa kada za afya, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, uulize kama chuo na kozi yenyewe vinatambuliwa.

Jibu (msaidizi katika kliniki ya meno, Jinja)

Ninakubaliana na mzee wetu kuhusu usajili, lakini cheti kisidharauliwe, kwa maana usalama wa mgonjwa umo mikononi mwa msaidizi. Kila kifaa husuguliwa, hukaushwa na kufungwa, kisha huwekwa katika otoklevu, yaani chombo cha kuua vijidudu, kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi, zinazohesabiwa tangu joto hilo lifikiwe. Kifaa chenye damu iliyogandia hakitakasiki vizuri hata kikipitishwa humo, na umeme ukikatika katikati, kazi huanza upya, hata kama foleni imefika nje.

Dada au kaka yangu, kiulize chuo wanafunzi hufanya mazoezi katika hospitali gani na kwa muda gani, kwa sababu mambo haya hayajifunzwi ubaoni. Anza pia mapema chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo kwa kawaida mtu mzima hupewa dozi tatu katika miezi sita, ili usiguse vifaa vyenye ncha kali ukiwa huna kinga.

Jibu (fundi wa meno ya bandia, Kampala)

Ipo njia ya tatu: teknolojia ya meno. Sisi hupokea alama ya kinywa cha mgonjwa, yaani chapa ya umbo la meno na fizi zake, tukaimiminia jasi na kutengeneza meno ya bandia juu yake. Kama unapenda kazi ya mikono inayohitaji utulivu, omba ruhusa ya kushinda siku moja katika maabara kabla hujaamua.