ATF (mafuta ya giaboksi otomatiki) inapanda hadi nyuzi 118 kwenye Mercedes 280E (W123): niongeze rejeta ndogo ya kuipoza au kuna tatizo kwingine?

W123_Malindi
Salaam aleikum wakuu. Gari ni 280E ya 1982, otomatiki ya gia nne (giaboksi aina ya 722.3), AC inafanya kazi. Kwenye lami, Malindi kwenda Garsen, joto la ATF ndani ya sampu (bakuli la mafuta chini ya giaboksi) halizidi 90. Nikiingia njia za mchanga upande wa Mambrui, au foleni ya mjini AC ikiwa imewashwa, linafika 118 na gia ya pili kwenda ya tatu inaanza kuteleza. Geji ya maji haipiti 95. ATF bado nyekundu ila inanuka kuungua kidogo. Dukani kuna rejeta ndogo za aina mbili: ya bomba lililopindwa-pindwa na ya sahani zilizopangana. Nichukue ipi? Na ile ya kiwandani iliyo ndani ya rejeta kubwa niiruke kabisa?

Fundi_Maweni
Waaleikum salaam. Lami sawa, mchanga na foleni taabu. Maana yake joto linatengenezwa kwenye konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi) na upepo wa kuliondoa haupo. 722.3 haina klachi ya kufunga konveta, kwa hiyo wakati wowote injini inapozunguka kuliko giaboksi, tofauti hiyo inageuka joto ndani ya mafuta. Tena ukiwa D na mguu mwepesi, gari hii huondokea gia ya pili. Mchangani ikanyage kiasi ishuke ya kwanza. Kuibembeleza kwenye gia ya pili ndiko kunakoikaanga.

Kabla hujatoa pesa dukani, angalia klachi ya feni. Injini ikiwa moto izime, kisha zungusha feni kwa mkono. Ikiendelea yenyewe raundi mbili tatu kama pangaboi, imekufa, na hakuna rejeta ndogo itakayokusaidia kwenye foleni. Kava la feni nalo liwepo, zima, lisiwe na pengo. Halafu tenganisha kondensa ya AC na rejeta uone kilicho katikati: mchanga, nyasi, wadudu. Osha kwa maji ya presha ndogo ukitokea upande wa injini kwenda mbele.

Kisha kijiti cha kupimia ATF. Kinasomwa mafuta yakiwa 80 hivi, injini inanguruma, gia P, gari mahali tambarare. Kati ya alama ya chini na ya juu ni lita 0.3 tu, kwa hiyo "nimeongeza kidogo" inaweza kuwa imezidi. Ikipungua, pampu inavuta hewa. Ikizidi, vyuma vinavyozunguka vinaipiga mpaka inatoa povu. Povu halibebi joto wala presha, na pleti za klachi zinateleza.

118 si mchezo. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila digrii 11 juu ya 80 hukata maisha ya ATF nusu. Kwa hesabu hiyo, mafuta ya kilomita 60,000 yanabaki ya kama 5,500. Kuanzia 115 yanaanza kuacha ugando kwenye vali, karibu 130 sili zinakauka na kuwa ngumu, na kwenye 145 pleti zenyewe zinaanza kuteleza.

Spana13_Shela
Mimi ningeiruka ya kiwandani. Rejeta ya miaka zaidi ya 40, likitoboka lile bomba la ndani, maji yanaingia kwenye giaboksi na gundi ya pleti inaachia. Ukiona ATF ina rangi ya maziwa ya pinki, giaboksi imekwisha. Rejeta moja kubwa ya sahani mbele, basi.

Fundi_Maweni
Hofu yako ni ya haki, dawa yake si hiyo. Rejeta ya hewa peke yake inategemea upepo, na yeye tatizo lake ni pale ambapo upepo haupo. Ya kiwandani inapoza kwa maji, na maji yanazungushwa na pampu hata gari limesimama. Toa rejeta, ipeleke kwa fundi wa rejeta, aizibe tundu moja la ATF, atie hewa ya bar 2 tundu la pili, aizamishe kwenye karai. Mapovu yakitoka, hapo ndipo unairuka, au unanunua rejeta nyingine. Yasipotoka, irudishe na uitumie.

Na tafadhali, msijaze rejeta maji ya kisima. Maji yetu ya Pwani yana chumvi, yanaila kutoka ndani. Tia kulanti na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu.

W123_Malindi
Shukran. Feni inazunguka yenyewe, kweli imekufa. Nitaanzia hapo. Rejeta ndogo nikiiweka, ikae kabla au baada ya ile kubwa?

Bomba_Nusu_Inchi
Baada. Mafuta yatoke giaboksi, yapite rejeta kubwa, halafu ndogo, ndipo yarudi. Rejeta kubwa haiwezi kuyashusha chini ya joto la maji yake. Ndogo inaweza kuyasogeza zaidi kuelekea joto la hewa, ambalo hata kaskazi ikivuma halizidi sana 32. Ukigeuza, unapoza kwa hewa halafu unapasha tena kwa maji.

Kujua bomba lipi ni la kurudi: washa gari dakika chache, pima mabomba mawili kwa kipima joto cha miale. La moto zaidi linatoka giaboksi.

Chukua ya sahani. Kwa ukubwa uleule inapoza vizuri kuliko ya bomba na haikabi mtiririko. Kama sentimita 28 kwa 19 zinakutosha, kubwa mno itaiziba kondensa. Ifunge mbele ya kondensa kwenye eneo ambalo feni inavuta, acha nafasi ya sentimita moja au mbili, midomo ikitazama juu ili hewa isinaswe. Usitumie vile vibanio vya plastiki vinavyopenyezwa katikati ya rejeta. Vinatikisika mpaka vinakata mapezi. Tengeneza mabano ya bati nene na utie vipande vya mpira.

Mpira uwe wa ATF, kipenyo cha ndani milimita 10. Wa petroli unalainika na kuvuja. Bomba la chuma likate kwa kikatio cha bomba. Msumeno unaacha chenga zinazokwenda moja kwa moja kwenye vali. Ncha yake ipanuliwe kidogo, mpira uingie sentimita 3 au 4, klipu mbili.

Ukimaliza, toa mpira wa kurudi, uelekeze kwenye chupa, washa injini kwa sekunde 20 hadi 30, si zaidi, usije ukaikausha pampu. Ikijaa takriban lita moja, mtiririko ni mzuri. Ikidondoka tu, kuna mahali pameziba.

Fundi_Maweni
Niongeze la kubadilisha mafuta, maana hayo yaliyoungua hayafai kubaki. Alenki ya 5 kwa nati ya kumwagia ya sampu, na ya 5 hiyohiyo kwa ile ya konveta. Zungusha injini kwa boksi ya 27 mpaka nati ya konveta ionekane kwenye kitundu cha chini. Wengi wanaiacha, kwa hiyo sehemu kubwa ya mafuta mabovu inabaki mle. Sampu ina bolti za 13, filta ina skrubu tatu za nyota. Ukirudisha, bolti za sampu Nm 8 tu na nati za kumwagia Nm 14. Tia lita 4 za Dexron III, washa injini iwe P dakika moja au mbili, kisha ongeza kidogo kidogo ukipima. Jumla ni karibu lita 6, lakini fuata kijiti.

Chunguza kilichobaki kwenye sampu. Vumbi jeusi kidogo ni kawaida. Vipande vya pleti au chenga za shaba ni habari nyingine. Chomoa pia mpira wa vakyumu kwenye modyuleta (kifaa cha giaboksi kinachorekebisha presha kwa vakyumu ya injini). Ukiwa na ATF ndani, ngozi yake imepasuka na injini inainywa.

Ukisharekebisha feni, mafuta na modyuleta, joto likishuka chini ya 100 lakini ya pili kwenda ya tatu bado inateleza, pleti zimekwisha. Hapo giaboksi inashushwa, rejeta ndogo haitasaidia kitu.

Spana13_Shela
Na mapezi ya alumini uyaoshe kwa maji matamu kila ukitoka upande wa bahari. Midomo ya shaba ikigusana na alumini, chumvi ikaingia katikati, alumini inaliwa kimyakimya. Tafuta midomo ya alumini, au angalau ipake grisi kwa nje.