Msaada: binti yangu hakubali kwamba Simbakubwa si simba

BabaNeema:
Wakuu, habari za jioni. Binti yangu wa miaka 7 kaona picha ya Simbakubwa kutokaafrika, yule mnyama wa kale wa Kenya. Nikamwambia huyo si simba. Kaniuliza, "Sasa mbona anaitwa Simbakubwa?" Nimebaki kukuna kichwa. Nimjibuje?

Mtani_wa_Jangwani:
Mkuu, hata wa Msimbazi wanaitwa Simba. Mikia wanayo, meno sasa!

MamaPacha:
Achana na huyo. Mimi wangu niliwaelewesha kwa mkasi. Simba ana mkasi mmoja wa kukatia nyama kila upande wa mdomo, yaani jino la juu na la chini yanapishana. Simbakubwa alikuwa na mikasi mitatu kila upande. Mchoree mataya mawili, ahesabu mwenyewe. Halafu mwambie ukoo wake ulishakwisha wote, hakuna hata mjukuu mmoja. Simba wa Serengeti si ndugu zake.

Fundi_Mawe:
Kuna kituko kingine: jina la familia yao, hainailuridi, limetokana na maneno ya Kigiriki ya fisi na paka. Na hawakuwa fisi wala paka! Kwa hiyo mtoto asione aibu, wakubwa ndio waliompachika mnyama huyo majina ya kuazima.
Simbakubwa aliishi miaka milioni 22 hivi iliyopita. Mtoto akihesabu mwaka mmoja kila sekunde, usiku na mchana bila kulala, atamaliza baada ya miezi 8 na ushee.

Mtani_wa_Jangwani:
Nimesoma alikuwa na kilo 1,500. Simba dume saba hao!

Fundi_Mawe:
Hayo ni makadirio ya juu kabisa, mengine hayafiki 300. Wanapima kwa meno na taya. Mifupa ilichimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970, ikakaa kwenye droo ya makumbusho Nairobi hadi watafiti Matthew Borths na Nancy Stevens walipomtangaza mwaka 2019.

MamaPacha:
Hiyo ya droo ndiyo umsimulie wakati wa kulala. Uzito hatakumbuka.

BabaNeema:
Asanteni sana. Tumechora, kahesabu mikasi sita, kaipaka zambarau. Kakubali kwamba huyo si simba. Ila sasa hataki kulala, anauliza kwenye zile droo nyingine kuna nini.