Mafundi wa gereji mnaokula hela ya filta, mnatuulia injini!

Wakuu, nina hasira na sifichi. Nimebadili oili na filta ya pikipiki yangu, Suzuki GN125, mwenyewe hapa nyumbani, na nilichokikuta kimenichefua.

Gereji ninayoipeleka hii pikipiki hunitoza kila mara oili, filta na ufundi. Leo nimefungua zile nati tatu za kifuniko cha filta. Imetoka nyeusi tii, karatasi imelegea na kukunjamana, na oringi, ile ringi ya mpira ya kuziba, imekauka hadi inakatika nikiigusa. Hiyo si filta ya juzi wala ya mwezi jana. Hela yake nimelipa, wao wamekula, filta haijaguswa!

Injini hii camshaft yake, ile shafti inayofungua valvu, iko juu kwenye silinda hedi. Oili lazima ipande mpaka huko, tena ikiwa safi. Ukimuachia mtu filta iliyokufa unamsagia injini taratibu huku unamchekea usoni na kumwambia "tayari bosi".

Halafu nati ya kumwagia oili. Jamani! Imekazwa kwa spana iliyoongezewa bomba. Nati ni chuma, injini chini ni aluminiamu, nani hajui kipi kitaliwa? Nimeitoa imezungukwa na nyuzi za aluminiamu zinazong'aa, meno ya kwenye injini ndiyo hayo yametoka. Washa, ile ringi ya kuziba chini ya nati, hakuna, wamepaka silikoni kuficha mvujo. Washa ni kitu cha bei ya kutupa, hata hiyo mmeshindwa?

Na hiyo oili mnayochota kwenye dumu la oili ya gari mnajua mnachofanya? Klachi ya pikipiki hii inaogelea kwenye oili ileile ya injini. Oili nyingi za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza, mteja anauziwa klachi pleti mpya. Tafuteni chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, alama ya kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. MB siyo ya klachi hizi. Na siyo kumimina lita nzima kwa sababu chupa ni ya lita! GN125 inataka mililita 850 ukibadili oili tu, 950 ukibadili na filta. Kioo cha kuangalia oili kiko pale pale, simamisha pikipiki wima uangalie.

Wenye pikipiki kama hii, msikubali kazi ifanyike nyuma ya ukuta. Simama hapo, dai filta ya zamani mkononi, na hakikisha mpya inaingia tundu lake likitazama ndani ya injini. Ikigeuzwa, oili haipiti inavyotakiwa.

Kesho naipeleka ile nati na filta gerejini, nataka hela yangu ya filta zote na gharama ya kurudisha meno. Aliyewahi kurudishiwa meno ya injini Dar kwa kuvishwa bushi yenye meno mapya ikashika bila kuvuja, aniambie kazi ilifanywa vipi na alilipa shilingi ngapi, nisije nikapigwa mara ya pili.