I Am Legend: kitabu kinasema jamaa ndiye popobawa, filamu inatuuzia shujaa. Huu ni utapeli!

Wakuu salaam. Naandika kutoka Tanga, jua la saa nane, sijala na nina hasira. Wale wa "punguza munkari mkuu" leo mnisamehe.

Nilipokuwa darasa la saba niliingia kibanda umiza kimoja Ngamiani kuangalia I Am Legend. Mabenchi ya mbao, feni moja nayo imeelekezwa kwa mwenye kibanda, muvi imetafsiriwa. Mtafsiri alikuwa anamwita Will Smith "komando". Yule mbwa wake Sam alipoambukizwa ule ugonjwa unaogeuza watu mazimwi, komando ikabidi amkabe kwa mikono yake mwenyewe. Kibanda kizima kikanyamaza, hata dogo wa karanga alisimama na sinia lake akasahau biashara. Mwishoni komando akajilipua na guruneti, mwanamke na mtoto wakaondoka na dawa, dunia ikapona, tukatoka tunapiga miluzi. Nimeishi na hadithi hiyo miaka yote.

Sasa mwezi uliopita mjomba wangu, baharia mstaafu, akanipa sanduku la vitabu alivyokuwa akiokota huko bandarini. Ndani nikakikuta chenyewe: I Am Legend ya Richard Matheson, riwaya ya mwaka 1954. Jalada halipo, mchwa wamekula pembeni mpaka herufi za mwisho wa mistari unaotea. Nikakisoma kibarazani siku mbili. Jamani, niliishiwa nguvu.

Kwanza mbwa. Kwenye kitabu mbwa si wake, ni koko tu anayepita, na jamaa anamtegea nyama na maziwa siku nenda siku rudi mpaka akubali kusogea. Unasoma kurasa kibao za kumbembeleza mbwa, halafu mwandishi anakwambia kwa sentensi moja kwamba baada ya wiki mbwa kafa. Basi, sura imeisha. Hakuna kinanda cha kukuliza.

Lakini mbwa si kesi. Kesi ni mwisho.

Neville, ndiye yule komando wetu, kitabuni si komando wala mtaalamu wa jeshi. Ni mtu wa kawaida, alikuwa anafanya kazi kiwandani huko Los Angeles. Usiku wanyonya damu wanaizingira nyumba yake, mchana wakilala yeye anapita nyumba kwa nyumba na vigingi, anawachoma. Na sisi wasomaji tunamshangilia, piga huyo, piga na huyo! Kumbe kati yao wapo ambao wako hai, wamepata vidonge vya kuutuliza ugonjwa, wanajenga maisha mapya, na jamaa amekuwa akiwaua usingizini. Wanamtumia mpelelezi, mwanamke anaitwa Ruth, ambaye mumewe aliuawa na Neville huyohuyo. Wanamkamata. Anachungulia dirishani akiwa mfungwa, anaona umati ule ulivyomwogopa, ndipo akili inamkaa sawa: zimwi ni yeye. Ndiyo maana ya jina la kitabu: mimi ndiye zimwi la hadithini. Sisi watu wa pwani hilo tungeelewa kwa neno moja, kwamba yeye ndiye popobawa wao, ila huyu anakuja mchana.

Nikajiuliza, au yule mtafsiri wa kibanda umiza ndiye alitupiga changa la macho? Maana wale jamaa tunawajua, akikosa la kusema anatunga. Nikachukua flashi, nikaenda kwa kijana wa maktaba ya muvi, nikamwambia niwekee ile isiyotafsiriwa. Akanitazama kama mgonjwa. Nimeiangalia Jumamosi usiku. Mtafsiri nimemsamehe kabisa, alisema kilichokuwepo.

Na kinachoniuma zaidi, waliupiga picha mwisho mwingine uliokaribia kitabu! Upo kwenye DVD. Yule kiongozi wa wagonjwa anachora kipepeo kwenye kioo, Neville anashtuka kwamba kumbe hakuja kuua, amemfuata mwanamke wake mwenye tatuu ya kipepeo, ambaye Neville alimfunga maabara kumjaribia dawa. Anamrudisha. Halafu anageuka kuutazama ukuta uliojaa picha za wote waliofia mikononi mwake kwenye majaribio. Wakauonyesha kwa watazamaji wa majaribio, hawakuupenda, ukatupwa, likaletwa guruneti. Dola milioni 585 zikaingia.

Na si filamu hiyo tu. I, Robot ya 2004, Will Smith tena (sina ugomvi naye, lakini kaka, mbona wewe kila mara?), ilianza kama skripti nyingine kabisa iitwayo Hardwired. Jina la kitabu cha Asimov lilikuja kubandikwa baadaye, kama nembo ya kampuni kubwa kwenye redio ya mchina. Kitabu kile cha 1950 ni hadithi tisa, na utamu wake ni roboti anayekwama kwa sababu ya utii wake mwenyewe. Kuna mmoja yuko sayari ya Zebaki, anazunguka dimbwi kama mlevi, amri moja inamsukuma mbele, nyingine inamrudisha nyuma. Mtaniambia hata kitabuni mashine zinakuja kuwatawala binadamu. Ndiyo, kimyakimya, hakuna anayepigwa hata kofi. Filamuni ni jeshi la roboti linavunja vioo.

World War Z sitaki hata kuigusa. Kitabu ni mahojiano na watu wa dunia nzima, wao wakamfanya Brad Pitt abiria wa ndege. Na ile War of the Worlds ya 2025, Ice Cube amekaa mbele ya kompyuta muvi karibu nzima, flashi ya kuiokoa dunia inaletwa na droni ya Amazon. Flashi! Ya kwangu nimeifuata kwa miguu.

Najua mnakuja na "kitabu ni kitabu, filamu ni filamu". Sawa. Arrival ya 2016 imetoka kwenye hadithi ya Ted Chiang ya 1998, na walibadilisha mengi, hata namna binti anavyokufa, wakaongeza na jenerali wa China. Sikulalamika. Kwa sababu swali waliliacha palepale: ukijua mtoto utakayemzaa utamzika, utamzaa? Badilisheni mji, badilisheni mbwa. Ila swali liacheni.

Sasa sikieni kituko. Mwendelezo wa I Am Legend unaandaliwa, na Akiva Goldsman, mmoja wa walioandika ile ya kwanza, alisema mwaka 2023 kwamba utafuata mwisho wa DVD. Yaani Neville hakufa. Guruneti halikulipuka. Sasa sisi wa kibanda umiza kule Ngamiani tulimpigia nani miluzi?