Tupeane uzoefu: mafunzo ya kompyuta na intaneti mtaani, yalikusaidia au ulirudi na cheti tu?

#1
Wakuu habari za jioni. Uzi huu naleta kwa sababu ya bi mkubwa wangu. Kuna mradi ulikuja kata yetu huku Morogoro vijijini, jina lao naliacha, wakafunga turubai, laptopu kumi, chai na chapati, siku tatu. Kina mama walikuwa kama arobaini, fanya hesabu mwenyewe. Siku ya kwanza historia ya kompyuta, sijui kizazi cha kwanza sijui cha pili, siku ya pili "hii inaitwa mausi, hii inaitwa kibodi", siku ya tatu picha ya pamoja na vyeti. Mama kakitundika cheti sebuleni pembeni ya picha ya kipaimara ya dada, kizuri kweli, ila simu ya kugusa niliyomnunulia bado ni ya kupokea na kupiga tu, picha za wajukuu zikiingia WhatsApp anaenda kwa mtoto wa jirani amfungulie.

Jumapili nikakaa naye kwenye mkeka nikamuuliza, mama humu ndani unataka nini? Akasema nataka ile kwaya ya zamani tuliyokuwa tunaisikia redioni. Nikamuonesha kale kamaiki ka YouTube, unagusa unaongea, huna haja ya kuandika. Akasogeza simu mdomoni akasema "shikamoo, naomba kwaya" kama yuko dirishani posta. Alivyoisikia imeanza akashika mdomo na mikono miwili. Tangu siku hiyo bando halikai, juzi kaniuliza ile GB moja niliyomuwekea ilikuwa ya kuonjea au?

Sasa mliopita kwenye vituo, maktaba, miradi, na nyie mnaofundisha, mwageni hapa.

#2
"Shikamoo naomba kwaya" 😂😂 nimecheka hadi konda kanigeukia

#3
Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi ni zao la kile kituo cha mawasiliano cha Sengerema, watu wa Mwanza wanakijua, kilianza 2001 wakati wilayani kwetu intaneti ni kitu cha kuhadithiwa. Mkonga wa SEACOM chini ya bahari umekuja kufika 2009, kabla ya hapo tulikuwa tunakula dishi la setilaiti, unafungua ukurasa unatoka nje unanunua muhogo unarudi bado unafunguka na dakika zinahesabika. Barua pepe yangu ya kwanza nimefungua hivyo.

Ila kwa maoni yangu kilichowavuta watu wa vijijini ni redio, kompyuta baadae. Mjomba wangu mkulima hajawahi kushika mausi hadi anaingia kaburini, lakini redio ya Sengerema alikuwa haizimi, na akisikia jambo ananituma mimi kwenda kuuliza zaidi. Kwa hiyo ukoo mzima ulikuwa na intaneti, mtumiaji mmoja.

#4
Mimi nina steshenari, mkoa siusemi, na leo nitaongea ukweli mnipige mawe kabisa. Msimu wa maombi ya mkopo wa chuo dogo anakuja na vyeti kwenye bahasha ya kaki, hana barua pepe, foleni imefika barabarani, mimi namfungulia haraka haraka, neno la siri naweka lile lile la wateja wote, jina la duka na 123, namba ya simu naweka yangu ili tumalize haraka. Dakika kumi mwingine.

Mwaka mmoja laini yangu ile ikapotea. Kuna dogo mmoja maombi yake yalitakiwa kurekebishwa, ujumbe ukaenda kwenye barua pepe niliyomfungulia mimi, yeye hata hajui anaingiaje, mimi nikijaribu kuingia naambiwa tumetuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako. Simu ipi! Amekuja dukani tarehe ya mwisho imeshapita. Hakunitukana, alikaa kwenye lile benchi la kusubiria mpaka nafunga duka, akaniaga akaondoka. Ningetukanwa ningelala.

Tangu hapo kwangu kila mtu anafungua akaunti kwa kidole chake, namba yake, neno la siri anachagua yeye na anaandika kwenye daftari lake, mimi nageukia ukutani. Inachukua nusu saa na zaidi, wateja wengine wanakimbilia duka la jirani wala siwalaumu. Jumamosi kuanzia saa nane napokea bure wale wa kidato cha nne wanaosubiri matokeo, wanakuja na simu za wazazi wao. Hao wakija msimu wa maombi wanakuja kuprinti tu.

#5
Habari zenu wasee wa TZ. Mimi niko Kibera, Nairobi, nilisomea Tunapanda, wale wa kufunza vijana kompyuta, ambao pia wako na mtandao wao wa mtaa wanauita TunapandaNET, wanaunganisha mashule na vituo vya vijana. Mambo ya vyeti siwezi ongea sana lakini pale kitu ilinisaidia ni kwamba ukikwama unauliza mwenye ameketi kando yako, si lazima mwalimu. Baadaye nikapitia mafunzo ya Ajira Digital, ile programu ya serikali yetu ilianza 2016, nikajua kuna kazi ya kuandika sauti za watu kwa mtandao. Kazi ya kwanza nilishinda usiku nikirudia dakika kumi za mzungu akiongea na chakula mdomoni, stima ikapotea nikamalizia kwa simu. Dola saba! Nikamwambia mamangu nimelipwa kwa kusikiliza mtu, akauliza kwani ni kanisa?

Sasa wazee wa ploti wananiita niwaingizie mambo ya eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali. Nawafundisha lakini mzee akishaona naweza kumfanyia, kujifunza hataki.

#6
Jambo wandugu. Miye ni wa Uvira, kule Congo, saa hii niko Marekani, Kentucky, pamoja na mama. Huku kila kitu ni intaneti, randevu ya munganga (daktari), barua za masomo ya watoto, kutafuta kazi. Bibliyoteki inaazima hata kamashine ka WiFi sawa vile kitabu, unatumika unarudisha. Serikali ilikuwa na msaada wa dola 30 kila mwezi kwa wenye makuta kidogo walipie intaneti, walikuwa wanaita ACP, ikaisha katikati ya 2024, kwetu tukarudi kutumika na ya simu yangu peke yake.

Masomo ya ordinateri (kompyuta) yako bure kabisa, lakini mwalimu anaongea Kingereza, mama anaitika yes, yes, akifika nyumbani ananiuliza alisema nini. Ikawa hivyo karibu mwaka. Kisha mama mumoja wa Bukavu akaanza kufundisha kwa Kiswahili kisha ibada, kwa viti vya kanisa, bila projekta bila nini. Munganga akituma mesaji mama anaifungua mwenyewe sasa.

#7
Mnasahau jambo moja, VIDOLE. Mimi ni fundi ujenzi, Dodoma. Saruji imekula vidole, kusajili laini alama zilikuwa zinakataa mara nne mara tano mpaka tukajaribu kidole cha mwisho cha kushoto. Skrini nayo hivyo hivyo, nabonyeza haisikii, mwalimu wa semina akadhani sijaelewa, akawa ananirudia taratibuuu kama mtoto wa chekechea mbele ya watu. Kumbe nimeelewa zamani. Kijana mmoja akaniambia mzee lowesha kidogo. Ikakubali.

#8
Mleta mada nimerudi, nawasoma wote. Wa steshenari, pole mkuu, na kwa la kugeukia ukutani nakuheshimu.

Fundi, la kidole nimelipeleka kwa mama leo maana analima, limefanya kazi. Ila nilisahau kumfundisha matapeli. Jana kaingia ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mimi niko kazini. Mama kampigia tapeli, kamsalimia vizuri, kamuuliza mwanangu ni hela ipi, ya kikoba au ya yule mbuzi? Eti jamaa akajibu ya mbuzi. Mama akamwambia basi njoo mwenyewe uichukue, maana mbuzi nilikuwa natania.