Priampu ya valvu kwa santuri: umeme wa anodi niutulize kwa njia gani?

santuri_za_baba (Tanga)

Habari za jioni wakuu. Marehemu baba aliniachia sanduku la santuri za taarab, karibu zote za mizunguko 45, na nimeamua kuzijengea priampu ya valvu (kikuza sauti cha kwanza, kwa zile taa za kioo). Valvu ni ECC83 mbili, moja kwa kila upande: hatua mbili za kukuza, na katikati mtandao wa RIAA (unaosawazisha besi na sauti kali jinsi santuri zinavyohitaji) wa rezista na kapasita tu, bila mrejesho. Transfoma inatoa 230V AC kwa anodi (bamba la valvu linalopewa volti kubwa) na 15V AC kwa hita (waya unaopasha valvu moto). Valvu zote kwa jumla zinakula kama 4mA, na nataka 250V iliyotulia.

Tatizo ni umeme wa mtaani kwetu. Kwa mita yangu unashuka hadi 190V jioni, na usiku wa manane unapanda hadi 250V. Nimesoma njia nne: vichujio vya RC vitupu (rezista na kapasita), valvu za gesi zinazoshikilia volti (0A2 na 0B2), MOSFET (aina ya transista) yenye zena (dayodi inayoshikilia volti), na ile saketi ya Maida ya LM317 (chipu ya kutuliza volti). Mngekuwa ninyi mngechagua ipi, na kwa nini?

mwana_lehemu (Nairobi)

RC, kaka, usijitese. Piga hesabu: rezista ya 10k na kapasita ya 47µF. Umeme wa 50Hz ukipita dayodi unabaki na mawimbi ya 100Hz. Kwenye 100Hz ile kapasita ina ohmu 34 hivi, kwa hiyo mawimbi hayo yanagawanywa kwa karibu 300. Ukiweka hatua mbili yanagawanywa mara 80,000 na ushei. Kapasita ya kwanza, ile ya baada ya dayodi, ina mawimbi ya 0.85V kwa mzigo wako. Mwisho wa safari zinabaki maikrovolti 10. Tena 10k mbili kwenye 4mA zinashusha 80V, na 325 (kilele cha 230V AC baada ya dayodi) toa 80 ni 245V. Umeshafika. Rezista hazina kelele za zena, na zikiungua unazinunua popote.

dada_skopu (Mombasa)

Hesabu ya kaka ni sahihi, na kwa mawimbi ya 100Hz sina neno. Lakini swali lilikuwa umeme unaopanda na kushuka, na hapo RC haisaidii kitu. Laini ikishuka kutoka 230 hadi 190, ile 245V inateremka kuelekea 200, na kila inapoyumba, anodi zinayumba nayo.

Watu husahau jambo moja kuhusu ECC83. Upinzani wake wa ndani ni kama 62k, na ukiipa rezista ya anodi ya 100k, kathodi (upande unaotoa elektroni) ikiwa na kapasita yake, asilimia 38 ya chochote kilichoko kwenye umeme wa anodi inatokea kwenye anodi. Valvu hii haijikingi yenyewe. Na kwa santuri, kinachotokea hatua ya kwanza kinapita kwenye RIAA, ambayo inainua 100Hz kwa dB 13 ukilinganisha na 1kHz. Huko chini kabisa, mahali umeme unapoyumba polepole, inainua karibu dB 20. Utaiona karatasi ya spika inapumua bila muziki.

mzee_redio (Zanzibar)

Mimi ni mtu wa valvu za gesi tangu ujana wangu, na sina cha kupendeza macho kuliko ile rangi ya zambarau ya 0A2 ikiwaka. Ukiziunga mfululizo 0A2 (150V) na 0B2 (108V) unapata 258V bila hesabu nyingi. Kila moja inataka isipungukiwe 5mA wala isizidi 30mA. Usiiwekee kapasita kubwa sambamba, isizidi 0.1µF, la sivyo inaanza kuwaka na kuzimika yenyewe kama taa ya gari inayokata kona.

dada_skopu

Shikamoo mzee. Naomba nikuulize juu ya transfoma hii hii ya kijana wetu. Laini ikiwa 190V, baada ya dayodi anabaki na 268V tu. Toa 258, zinabaki volti 10 za kugawana kwenye rezista ya kuzilinda. Kama rezista ni 4.2k, hiyo ni 2.4mA, na priampu peke yake inataka 4mA. Gesi si itazimika? Na ili ziwake mwanzoni zinataka zaidi ya hapo, 0A2 pekee kama 185V.

mzee_redio

Marahaba mwanangu. Hapo umenishika, na ni kweli. Zamani tulikuwa na transfoma za 300V na zaidi, nafasi ilikuwepo. Kwa transfoma ya 230V na laini ya namna hiyo, gesi haifai. Kijana, usikubali hoja yangu kwa heshima ya mvi tu, msikilize dada.

mwana_lehemu

Basi Maida? Ile saketi ilitoka National Semiconductor mwaka 1980 na ni ya akili sana: LM317 inaelea juu ya volti mia kadhaa, na transista ya mbele yake inabeba tofauti yote kubwa, ili LM317 yenyewe isione zaidi ya 40V zake.

dada_skopu

Ni nzuri, nimeijenga mara mbili. Ila LM317 inataka hadi 10mA ipite ndani yake ndipo idhibiti vizuri, na mzigo hapa ni 4mA. Itabidi umwage umeme zaidi ya ule unaoutumia. Na kosa moja la lehemu kwenye saketi inayoelea, LM317 inakufa papo hapo. Kwa priampu ya kwanza ya mtu, nisingemshauri.

Mimi ningefanya hivi. Zena tano za 51V (1N4757A) mfululizo, jumla 255V. Zilishe kutoka kwenye umeme mbichi (ule wa baada ya dayodi) kwa rezista ya 39k: laini ikiwa 190V bado zinapata 0.3mA, na kwenye 230V zinapata 1.8mA, hazipati joto. Kutoka juu ya zena weka 1M na kapasita ya filamu ya 1µF, 400V, kisha geti (mguu wa kudhibiti) ya MOSFET ya IRF820 kupitia 1k iliyolehemiwa karibu kabisa na mguu wake. Ile 1M na 1µF ndizo zinazoua kelele za zena, hapo ndipo watu wengi hukosea kwa kuunga zena moja kwa moja kwenye geti. Weka zena ya 12V kati ya geti na sosi (mguu unaotoa umeme kwenda kwenye valvu). Utapata kama 251V, na MOSFET inapoteza 0.3W tu.

Halafu hita, na hizi nazitilia mkazo kuliko anodi. Hita za 12.6V kwenye laini ya 190V zinapata 10.4V, na hapo sauti inabadilika kweli. Tumia LM317 ya kawaida yenye 220Ω na 2k, na bati dogo la kupoza maana inatoa wati 2 hadi 3.

santuri_za_baba

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nimejenga ya dada kama ilivyo. Anodi 252V, na hita 12.7V hata laini ikiwa 192. Lakini mvumo bado upo! Nimeongeza kapasita ya pili, hakuna tofauti.

mzee_redio

Sauti yake ni ipi, nzito au ile kali kidogo inayonguruma? Ikiwa ni 100Hz, ni umeme wa anodi. Ikiwa ni 50Hz, regulata (saketi ya kutuliza volti) haihusiki hata kidogo: ni sumaku ya transfoma au njia ya athi (waya wa ardhi). Zima umeme ghafla ukisikiliza. Mvumo ukikatika palepale na muziki ukiendelea sekunde chache, ni transfoma.

santuri_za_baba

Ni nzito, na umekatika palepale, muziki ukabaki unafifia. Transfoma ilikuwa sentimita 12 kutoka kwenye valvu ya kwanza. Nimeitoa, nimeiweka kwenye sanduku lake lenye waya wa mita moja. Sasa natega sikio kwenye spika nasikia mlio mwembamba wa "shhh" tu, mvumo hakuna.

mzee_redio

Sanduku mbili sasa, basi kila moja iwe na rezista yake ya 220k, wati 2, sambamba na kapasita. Ukichomoa ule waya katikati, upande mmoja unabaki na volti mia tatu na hauna pa kwenda. Ngoja dakika nzima, kisha pima kwa mita kabla ya kutia mkono.

santuri_za_baba

Upande wa transfoma sikuwa nimeweka. Naiweka leo kabla sijawasha tena.